Pepea ya Simba Wanyika: Nyimbo za Zamani Zilizopigwa Upya

Albamu inayobeba nyimbo za zamani huwa ya aina mbili, na aina hizo huchanganywa mara nyingi kana kwamba ni jambo moja. Ya kwanza ni mkusanyo, yaani rekodi zilezile za awali zilizotawanyika katika sahani mbalimbali, ambazo huwekwa pamoja chini ya jalada moja bila kuguswa. Ya pili ni marudio, ambapo wanamuziki wenyewe huingia tena studio na kuupiga upya wimbo walioupiga miaka kumi au ishirini kabla, kwa vyombo vingine na kwa mikono iliyokwisha kupevuka. Mazungumzo haya yanaihusu zaidi aina ya pili, kupitia albamu ya Pepea ya bendi ya Simba Wanyika, iliyotolewa mwaka 1992 na lebo ya Kameleon ya Uholanzi. Jina la bendi hiyo limezoeleka kutajwa pamoja na jiji la Nairobi, lakini mizizi yake imo katika Mkoa wa Tanga, katika mazingira ya mkonge na reli ambayo wakazi wa Korogwe na Handeni wanayafahamu kuliko msikilizaji yeyote wa Ulaya aliyeinunua albamu hiyo dukani.

Swali la kama msanii ana haki ya kuigusa kazi yake ya zamani si la Afrika Mashariki peke yake. Limejadiliwa kwa ukali katika tawi la muziki wa roki liitwalo roki ya kimaendeleo, ambalo liliuacha wimbo mfupi wa dakika tatu na kujenga tungo ndefu zenye sehemu kadhaa, mapigo yanayobadilika njiani na vyombo vilivyoazimwa kutoka muziki wa orkestra. Bendi ya Jethro Tull ilitoa mkusanyo wake wa Living in the Past mwaka 1972, na King Crimson ikatoa wake mwaka 1976. Mwingereza Mike Oldfield alikwenda mbali zaidi, kwa kuwa albamu yake ya Tubular Bells ya mwaka 1973, ambayo hakuwa ameridhika na namna ilivyorekodiwa, aliirekodi upya yote na kuitoa mwaka 2003. Ala nyingi alizipiga tena yeye mwenyewe. Kitu kimoja hakikuwezekana kurudiwa, nacho ni sauti ya Vivian Stanshall, aliyetaja majina ya ala katika rekodi ya kwanza na kufariki mwaka 1995, hata ikabidi mtu mwingine aitwe kuyasoma maneno yale. Jambo hilo dogo lina uzito mkubwa katika hoja ya mazungumzo haya, na litarejewa.

Tanzania nayo iliwahi kuwa na watu wa roki. Bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam ilichanganya roki na soul na midundo ya Kiafrika, ikatoa albamu ya Ave Africa mwaka 1976. Patrick Balisidya wa bendi ya Afro 70 alishirikiana na kundi la Archimedes Badkar la Sweden, ambalo lilihesabiwa miongoni mwa makundi ya roki ya kimaendeleo ya nchi hiyo, na matunda ya ushirikiano huo ni albamu ya Bado Kidogo. Hata hivyo, yeyote anayetafuta katika Afrika Mashariki bendi iliyozigeukia nyimbo zake za zamani na kuzipiga upya kwa makusudi ya kuzikusanya, atafika kwa Simba Wanyika, na akiifuata njia ya bendi hiyo kuelekea chanzo chake atajikuta Tanga.

Ili chanzo hicho kieleweke, ni lazima kuanza na mkonge. Mmea huo uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na katika miche elfu moja aliyoiagiza kutoka Florida ni 62 tu iliyofika hai, ikapandwa karibu na Pangani. Mwaka huohuo wa 1893 ujenzi wa reli ulianza Tanga, ukafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Reli na mkonge vilikua kama pacha. Mashamba yalisambaa pande zote za njia ya treni, na katika eneo la Korogwe majina ya Ngombezi, Magunga na Kwashemshi yakawa majina ya mashamba na ya makazi kwa wakati mmoja. Wenyeji, Wasambaa, Wabondei na Wazigula, walikuwa na mashamba yao ya chakula na hawakuipenda kazi ya kukata katani kwa ujira mdogo, hivyo wenye mashamba walitafuta wafanyakazi wa mkataba kutoka mbali, Wanyamwezi, Waha, Wabena na wengine, ambao waliitwa manamba kwa sababu kila mmoja alitambuliwa kwa namba kabla hajatambuliwa kwa jina lake. Kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa ikizalisha karibu tani 230,000 za mkonge, na hakuna nchi nyingine duniani iliyoifikia.

Watu wa makabila mengi wanapolazwa katika kambi moja, hupatikana lugha moja ya kuelewana na muziki mmoja wa kuburudika. Kiswahili kilikuwa tayari kipo. Muziki uliokuja kuwa wa wote ulikuwa dansi, yaani muziki wa magitaa, tumba na ala za kupuliza, uliojifunza mengi kutoka santuri za Kuba na rumba ya Kongo, lakini ukaimbwa kwa Kiswahili na kwa mafumbo ya kwao. Uhusiano huu wa mkonge na dansi si dhana ya kubuni. Mojawapo ya bendi kubwa za mji wa Tanga, Jamhuri Jazz, ilianza kwa jina la Young Nyamwezi Jazz, na jina hilo linatosha kuonyesha waasisi walijihesabu kuwa watu wa wapi, na mji wa pwani ulikuwa umepokea wageni wa aina gani. Kutoka jina la kabila kwenda jina la Jamhuri kuna historia nzima ya nchi kwa maneno mawili.

Katika Jamhuri Jazz ndimo walimoingia ndugu Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga mwaka 1966. Mwaka 1970 walihamia Arusha, wakaungana na ndugu yao William katika Arusha Jazz, na mwaka uliofuata wakavuka mpaka hadi Mombasa, ambako ilizaliwa Simba Wanyika, simba wa nyika. Baadaye bendi ilihamia Nairobi. Sababu za safari ya namna hiyo hazikuwa za tamaa tu, kama ilivyodaiwa na baadhi ya watu wa nyumbani. Bei ya mkonge ilianguka baada ya mwaka 1964, kamba za nailoni na nyuzi nyingine za kiwandani ziliteka soko, na fedha iliyokuwa ikizunguka siku ya mshahara katika miji ya mkonge ikapungua, pamoja na ile iliyolipa viingilio vya kumbi za dansi. Zaidi ya hapo, Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyopata jina hilo mwaka 1965, ilizirekodi bendi kwa wingi na kwa moyo, lakini ilizirekodi katika kanda za kurushia matangazo na si katika sahani za kuuzwa. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani. Aliyetaka wimbo wake ushikwe mkononi na mnunuzi alilazimika kwenda Nairobi.

Hapa inafaa kueleza sahani yenyewe ilikuwa kitu gani, kwa maana vijana wengi wanaousikia wimbo wa Simba Wanyika leo wanausikia katika simu. Sahani ndogo ya santuri ilizunguka mara 45 kwa dakika, na kila uso wake ulibeba dakika nne au tano hivi. Wimbo wa dansi hauenei katika dakika hizo. Huanza kwa utulivu, mwimbaji akaeleza kisa chake na kuitikiwa na wenzake, kisha hufika mahali pa kugeuka, sauti zikapumzika na magitaa yakachukua nafasi, mapigo yakapanda, na hapo wachezaji wakaingia uwanjani kwa wingi. Sehemu hiyo ya pili wanamuziki huiita chemko. Kwa kuwa uso mmoja haukutosha, wimbo ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza uso wa kwanza, sehemu ya pili uso wa nyuma. Msikilizaji wa Korogwe mwenye gramafoni ya betri alikisikia kisa, akasimama, akaigeuza sahani, akaanza kucheza. Pengo la kuigeuza sahani likawa sehemu ya wimbo kwa kizazi kizima, ingawa hakuna mtunzi aliyelitunga.

Ufundi wa Simba Wanyika ulikaa hasa katika namna magitaa yalivyofumwa. Gitaa la solo, linalobeba lahani ya juu, halikuwa bwana wa mengine. Lilisema neno, gitaa la pili likalijibu, na gitaa la ridhimu likashona katikati yao mfululizo wa noti fupifupi zisizokoma, mfano wa mkono wa msusi unaopitisha ukindu juu na chini bila kuutazama. Besi haikufuata tu mapigo ya ngoma, bali ilikuwa na wimbo wake. Ufumaji huo ndio uliosambaa baada ya mwaka 1978, wakati baadhi ya wanamuziki akiwamo mpiga ridhimu Omar Shabani na mpiga besi Tom Malanga walipoondoka na kuunda Les Wanyika, bendi iliyompata John Ngereza na kutoa Sina Makosa, wimbo unaopigwa hadi leo katika harusi za pande zote mbili za mpaka. Wapo wanaoziona bendi zote za jina la Wanyika kama matawi yaliyoasi. Ni sahihi zaidi kuziona kama shule moja yenye madarasa kadhaa, kwa sababu anayelifahamu gitaa la moja atalifahamu la nyingine kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Kwa watu wa nyumbani, miaka hiyo ilikuwa na jambo la kushangaza. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977, baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Wanamuziki waliotoka Tanga walikuwa upande wa pili, sahani zao zilikuwa upande wa pili, na njia halali ya bidhaa ilikuwa imezibwa. Lakini mawimbi ya redio hayakaguliwi forodhani. Wimbo uliotungwa kwa Kiswahili cha Tanga, ukarekodiwa Nairobi, uliweza kurudi jioni hadi Handeni kupitia redio ya mkulima, ukapokewa kama barua ya ndugu aliyeko ugenini.

Albamu ya Pepea ilitoka baada ya bendi kuishi miaka ishirini ugenini. Ilikusudiwa hasa kwa msikilizaji wa Ulaya asiyeijua, na kwa hiyo haikuhitaji kuleta nyimbo mpya tupu. Ilihitaji kumwonyesha mgeni huyo kilichowafanya watu wa Afrika Mashariki waipende bendi. Njia rahisi ingekuwa kuzikusanya rekodi za zamani. Badala yake bendi ilizichukua baadhi ya nyimbo zake na kuzirekodi upya. Chombo kilichozibeba kilikuwa diski ya CD, ambayo huhifadhi zaidi ya dakika sabini bila kugeuzwa, na mabadiliko hayo peke yake yaliuponya wimbo jeraha la miaka ishirini: kisa na chemko vikaunganishwa. Vyombo vinasikika kila kimoja mahali pake, besi haijamezwa, na msikilizaji anaweza kulifuata gitaa la ridhimu kutoka mwanzo hadi mwisho kama anayeufuata uzi mmoja katika kitambaa.

Wapo mashabiki wa zamani wasioridhika na usafi huo, na malalamiko yao yana msingi. Rekodi za awali zilipigwa na vijana waliosimama pamoja katika chumba kimoja, na kasoro zao, ala ya kupuliza inayopanda kupita kiasi au sauti inayokaribia kukatika, ni ushahidi wa haraka na njaa ya wakati ule. Rekodi mpya imetulia. Anayeimba habari za mapenzi akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu haimbi jambo lilelile anapokaribia hamsini, hata maneno yakibaki yaleyale. Lakini kuufanya utulivu huo kuwa kosa ni kudai kwamba wanamuziki wasikue. Hukumu iliyo ya haki ni kwamba rekodi ya kwanza ina moto zaidi na ya pili ina maarifa zaidi, na kwamba ufumaji wa magitaa, ambao ndio moyo wa bendi hii, unasomeka vizuri zaidi katika ya pili. Mpiga gitaa anayejifunza aanze na Pepea, kisha arudi nyuma kwenye sahani za zamani.

Mtu aliyelelewa na ngoma, kwa upande mwingine, anaweza kuuona ugomvi huu wote kuwa mgeni. Mdumange, ngoma ya Wasambaa inayochezwa katika nchi ya milima na chini yake hadi Korogwe, haina nakala ya kwanza. Kila inapochezwa inafanywa upya, na hakuna anayeuliza ipi ni halisi. Handeni inao mfano ulio mzito zaidi, ijapokuwa si wa muziki tu. Katika makazi ya Chogo waliletwa Wazigula kutoka Somalia, wazao wa watu waliochukuliwa utumwani katika karne ya 19 na kupelekwa hadi bonde la Juba, ambao walivikimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1990 wakafika katika nchi ya mababu zao wakiwa bado wanasema Kizigula. Lugha hiyo haikuwafikia kwa kuhifadhiwa kabatini. Iliwafikia kwa kurudiwa kila siku na vinywa vilivyo hai, pengine ikibadilika kidogo kila iliporudiwa, na mabadiliko hayo hayakuifanya kuwa ya bandia. Kwa kipimo hicho, Simba Wanyika walipozirudia nyimbo zao walifanya jambo la Kiafrika kabisa, ingawa lilitolewa na lebo ya Uholanzi.

Lakini, kama ilivyoonekana kwa sauti ya Stanshall, marudio yana sharti moja ambalo mkusanyo hauna: mwenye wimbo awe hai. George Peter Kinyonga alifariki mwaka 1992, mwaka uleule wa kutolewa kwa Pepea. Wilson alifariki mwaka 1995, na Simba Wanyika ikaishia hapo. Albamu iliyokusudiwa kuifungulia bendi soko jipya ikawa neno lake la mwisho kwa dunia, na ile fursa ya kuzirekebisha nyimbo za ujana ikaonekana kuwa ilishikwa mlangoni kabisa, wakati mlango unafungwa. Kila mwanamuziki wa zamani anayeishi leo katika mji wa Tanga, Muheza au Korogwe, na ambaye bado vidole vyake vinazikumbuka nyimbo zake, yumo ndani ya fursa hiyohiyo, na haidumu.

Wakishakufa wenye nyimbo, inabaki kazi ya kukusanya, na kazi hiyo wameifanya zaidi watu wa mbali. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alipofariki katika ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979, kampuni ya Nairobi ilizikusanya nyimbo zake katika mfululizo wa albamu uliopewa jina la Ukumbusho, jina lililochaguliwa vizuri. Nyimbo za Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba za miaka ya 1955 hadi 1965 zilikusanywa na lebo ya Dizim ya Ujerumani katika albamu ya Ngoma Iko Huku, na rekodi zote za Sunburst za mwaka 1973 hadi 1976 zilitolewa mwaka 2016 na lebo ya Strawberry Rain ya Kanada, miaka arobaini baada ya Ave Africa. Wakusanyaji hao wanastahili shukrani kubwa, kwa maana walisafiri, walitafuta, walisafisha sahani zilizokwaruzika na kuandika majina ya wapigaji pale walipoyapata. Hata hivyo, ni jambo la kusikitisha kwamba msikilizaji wa Toronto anaweza kuununua muziki wa Tanzania wa miaka ya 1970 ukiwa na maelezo kamili, huku mjukuu wa mpigaji akiupata umekatwakatwa katika simu, bila jina la mtunzi wala mwaka.

Mkusanyaji wa Ulaya, hata awe hodari namna gani, hawezi kuingia katika kila nyumba ya Chanika, Ngombezi au Mombo. Katika nyumba hizo zimo sahani za 45 zilizonunuliwa na manamba kwa mshahara wa mkonge, na zimo kanda za kaseti zilizorekodiwa kutoka redioni miaka ya 1980, nyingine zikiwa na sauti ya mtangazaji, tarehe na salamu za wasikilizaji, mambo ambayo hayamo katika albamu yoyote ya kuuzwa. Kanda ya kaseti huharibiwa na joto, unyevu na panya, na huharibiwa zaidi na mtu anayerekodi kitu kingine juu yake. Sahani hupinda ikilazwa chini ya mzigo. Wazee wanaojua ni nani alipiga besi katika wimbo fulani, na ni ukumbi gani bendi ilipiga usiku gani, nao wanapungua.

Kwa hiyo wasikilizaji wa Handeni na Korogwe wenye sahani na kanda za namna hiyo wanaombwa wasizitupe wala wasizifute. Sahani zisimamishwe wima, mahali pakavu, penye kivuli. Kila kanda iandikwe kwa kalamu jina la bendi, jina la wimbo na mwaka, kama unafahamika. Vijana wenye ujuzi wa kompyuta wawasaidie wazee kuzinakili kabla ya masika yajayo, na wanapozinakili wawaketishe wazee hao karibu, wawaulize majina ya wapigaji, na wayaandike.